Liste za motokari zenye «hazikufe»: zinajibu swali la nani?

Ndugu zangu, kila mwaka picha moja inazunguka kwenye matelefone yetu: «Motokari kumi zenye haziharibike.» Juu kuko jina la shirika fulani la Marekani ao la Ulaya, chini kuko pointi, na mara nyingi Lexus na Toyota njo ziko mbele. Watu wanaisambaza bila kuisoma. Halafu mmoja wetu, mwenye alimaliza masomo na kutafuta kazi miaka miwili mitatu bila kupata, anachukua makuta ya likelemba, anaongeza ya mama, anaongeza ya kiwanja chenye mjomba aliuzisha, na anaenda kununua motokari ya okazyo ili aitumie kama taksi. Ukimuuliza kwa nini amechagua ile na si ingine, atakujibu bila kusita: «Liste inasema njo ya nguvu.»

Hapa tusimame kidogo. Ku inivasite tulifundishwa kwamba mbele ya kuamini takwimu unauliza mambo manne: nani alihesabu, alihesabu nini, aliuliza nani, na wakati gani. Kwa memwari tunafanya vile, maana tunaogopa profesa. Lakini kwa motokari, kitu cha bei kubwa kuliko vyote vyenye kijana atanunua mbele ya kufikia miaka 30, tunaamini picha. Mawazo yangu ni haya: liste nyingi kati ya hizi ni za kweli, na zimefanywa na watu wenye wanajua kazi yao. Shida si uongo. Shida ni kwamba zinajibu swali lenye sisi hatukuuliza, na sisi tunachukua jibu kana kwamba ni letu.

Tuzitazame zile kubwa, moja moja.

Consumer Reports ni shirika la Marekani lenye halitafute faida, lilianza 1936. Halipokee matangazo ya biashara, na motokari zenye linapima linazinunua kwa makuta yake. Kuhusu uimara, kila mwaka linauliza wanachama wake: motokari yako ilipata shida gani katika miezi 12 iliyopita? Majibu yanagusa motokari zaidi ya 300 000. Shida zinapangwa kwa vikundi: moteri, bwate, freni, rangi, ekra, na kadhalika, na shida nzito inahesabiwa zaidi kuliko shida ndogo. Kwa motokari mpya hawawezi kujua, kwa hiyo wanatabiri: wanatazama modeli ile ilikuwa namna gani miaka ya karibuni, wanatoa pointi kati ya 1 na 100. Mshike neno hilo: wanatabiri.

J.D. Power ni kampuni ya biashara, ilianza 1968. Iko na uchunguzi mbili zenye watu wanachanganya. Moja inauliza juu ya siku 90 za kwanza tu, wakati motokari bado inanuka mpya. Ya pili inauliza wenye motokari ya miaka mitatu, tena wale tu wenye waliinunua ikiwa mpya. Wanahesabu shida kwa kila motokari 100. Na kampuni yenye imeshinda, kama inataka kuonyesha ile zawadi katika matangazo yake, inalipa.

ADAC ni chama kikubwa cha wenye motokari cha Ujerumani. Tangu 1978 kinatoa takwimu za pane. Hawa hawaulize mtu anawaza nini. Wanahesabu mara ngapi mafundi wao wa barabarani waliitwa kusaidia motokari yenye imesimama. Na kitu chenye kinasimamisha motokari za Wajerumani mara nyingi zaidi si moteri wala bwate. Ni bateri ya volti 12: zaidi ya mara 4 katika 10.

TÜV, nayo ya Ujerumani, inatumia matokeo ya kontrole teknike zenye vituo vyake vinafanya: taa, freni, amortiseri, kutu. Inagawanya motokari kwa umri, kuanzia miaka 2-3 mpaka 12-13.

Mmeona? Liste ine, maswali mane mbalimbali. Mmoja anauliza: ulisumbuka? Mwingine: uliridhika na kitu kipya? Wa tatu: ulisimama barabarani? Wa ine: motokari yako inaweza kuua mtu? Na sisi huku tunayatafsiri yote kwa neno moja: «nguvu».

Kwamba si maneno ya bule, tazameni kile kilitokea kwa motokari za umeme. Mwisho wa 2023, Consumer Reports walitangaza kwamba motokari za umeme ziko na shida asilimia 79 zaidi kuliko za esanse. Magazeti ya dunia nzima yaliandika: za umeme si za kuaminika. Wakati ule ule karibu, TÜV ilitoa ripoti yake ya 2024, na kati ya motokari za miaka 2-3, ya mwisho kabisa ilikuwa Tesla Model 3, asilimia 14,7 zilikuwa na kasoro kubwa. Mtu angesema: basi, imekwisha. Lakini ADAC, kwa hesabu ya pane za mwaka 2024, ilikuta kinyume: kwa motokari za miaka 2 mpaka 4, zile za umeme zilipata pane 4,2 kwa kila motokari 1 000, na zile za esanse na mazutu 10,4. Chini ya nusu!

Sasa nani anadanganya? Hakuna. Motokari yenye mlango unakataa kufunguka vizuri, ekra inazimika, chaji inakatika, iko na shida nyingi kwa hesabu ya Marekani. Lakini haijasimama kando ya barabara, kwa hiyo fundi wa ADAC hakuitwa, na hesabu yake ni sifuri. Na motokari yenye inapunguza mwendo kwa kutumia moteri yake ya umeme haigusi sana freni zake, freni zinapata kutu, TÜV inaziona na inaandika kasoro, hata kama mwenye motokari hajawahi kusumbuka siku moja. Nchi si moja, modeli si zile zile zote, lakini sababu kubwa ni hii: walihesabu vitu mbalimbali. Mwenye kusoma kichwa tu cha habari anaondoka na imani. Mwenye kusoma namna walihesabu anaondoka na maarifa.

Kuko jambo lingine lenye linafichwa na picha zile: liste inaonyesha nafasi, haionyeshe umbali. Mwaka 2024, katika uchunguzi wa J.D. Power wa motokari za miaka mitatu, wastani ulikuwa shida 190 kwa motokari 100. Ni kusema, karibu shida mbili kwa kila motokari kwa mwaka mzima. Na kikundi chenye kilikuwa na shida nyingi kuliko vyote ni kile cha ekra na mambo yake: telefone inakataa kuungana na motokari, motokari haisikie sauti ya mwenyewe. Katika hesabu ile, telefone kukataa kuungana ni shida moja, na bwate kuvunjika ni shida moja. Sasa chukua kampuni mbili, moja iko na 150, ingine 160. Kwenye liste kunaweza kuwa majina kadhaa katikati yao, na wewe unasema ile ya pili ni mbaya. Piga hesabu: shida 10 kwa motokari 100 ni shida moja kwa motokari kumi, kwa mwaka. Na inaweza kuwa ni shida ya Bluetooth. Wewe mwenye utaenda kubeba watu watano na mifuko ya unga kwa motokari ya miaka 18, Bluetooth inakuhusu nini?

Tukuje sasa kwetu, maana njo hapa maneno yote yanaishia. Motokari zenye zinaingia Lubumbashi, nyingi zimetoka Japani, zinashuka melini Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Nakonde, zinavuka Zambia, zinaingia kwa Kasumbalesa. Volani iko kuume. Umri ni miaka 12, 15, 18. Hakuna liste hata moja kati ya zile nne yenye ilipimwa kwa motokari ya namna hii. Mwenye aliulizwa na J.D. Power ni mnunuzi wa kwanza. Wewe ni wa tatu, wa ine, unajua wewe mwenyewe? Yeye anafanya vidange kwa wakati, anapita kwenye lami, esanse yake ni safi. Wewe uko na barabara ya kwenu yenye kila mvua inaichimba upya, na vumbi ya kiangazi yenye inajaza filtre kwa majuma machache.

Tena modeli zenyewe. IST, ile yenye imejaa kwenye taksi zetu, ukiitafuta kwenye liste za Marekani hauikute: kule kizazi cha kwanza kiliuzwa kwa jina la Scion xA. Noah haikuuzwa kule hata siku moja. Basi kijana anafanya nini? Anasoma «Toyota» juu ya liste, na anasema kila kitu chenye alama ya Toyota ni kimoja. Pale njo anaumia.

Chukueni RAV4 ya kizazi cha pili, ya 2000 mpaka 2005, ya litre 2. Ile ya Marekani ilikuwa na moteri 1AZ-FE, esanse inaingia mbele ya valvu, namna ya kawaida. Ile yenye ilitengenezwa kwa soko ya Japani ilikuwa na 1AZ-FSE, yenye mafundi wanaita D-4: esanse inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa presha kubwa. Moteri hii D-4 iko pia katika Noah za 2001 mpaka 2007. Kwa macho, motokari ni moja: jina moja, taa moja, viti vimoja. Lakini pompi ya presha na injekta za D-4 hazipatane na esanse chafu, na kwa sababu esanse haipite juu ya valvu ili kuziosha, moshi mweusi unaganda pale pole pole. Mwenye kununua esanse kwa ndoo na bidon kando ya barabara, kwa wale wenye tunaita kadafi, anajua usafi wake. Kwa hiyo, yule Mmarekani alisifu moteri yake, na wewe umenunua moteri ingine kwa sifa zake. Liste haikukudanganya. Haikukuwa inaongea na wewe.

Mfano mwingine, wa wakati. Moteri 2AZ-FE ya litre 2.4 ilikuwa ndani ya Camry za Marekani za 2007 mpaka 2009. Kilometra zikaongezeka, nyingi zikaanza kunywa mafuta ya moteri. Toyota ikalazimika, miaka mingi kisha, kurefusha garanti kule kwa sababu ya shida hiyo. Uchunguzi wa siku 90 za kwanza ungeona nini? Hakuna. Shida ya namna hii haizaliwe na motokari, inakomaa nayo. Na moteri ya jina lile njo iko katika Toyota Vanguard yenye vijana wengi wanaota. Simaanishe kila Vanguard ni mbaya. Namaanisha kwamba kabla ya kulipa, uvute kijiti cha mafuta, utazame moshi wa asubuhi kama ni wa buluu. Jina la Toyota halitafanya kazi ile kwa nafasi yako.

Najua kuko wenye watasema: «Basi, tutupe zile liste, tuulize bataksimani na mafundi. Bale njo banajua.» Ndiyo na hapana. Mtaa nao uko na liste yake, na nayo iko na ugonjwa wake. Kwanza, unaona zile zenye zinatembea tu. Zile zenye zilikufa ziko nyuma ya garaje, zinatolewa piyesi moja moja, hazina mtu wa kuongea kwa ajili yazo. Pili, mwenye alitoa makuta yake yote kwa motokari fulani ataisifu, maana kuisema vibaya ni kujisema yeye mwenyewe. Tatu, motokari yenye iko nyingi itaonekana kufa mara nyingi, kwa sababu tu iko nyingi. Na ine, mwenye kuuzisha naye ni mtu wa mtaa. Mtakumbuka kwamba sifa zenyewe zinapandisha bei: IST yenye imechoka inauzishwa kama dhahabu, wakati motokari ya jina dogo, yenye ilitunzwa vizuri, inakaa pale bila kuulizwa.

Lakini mtaa unajua kitu kimoja chenye hakuna Mjerumani ao Mmarekani anahesabu: kisha pane, inakuwa namna gani? Piyesi inapatikana leo, ao inaagizwa na kungoja mwezi? Kuko mafundi wangapi mjini wenye wanajua moteri ile? Kwa mtu wa taksi, uimara si kukosa pane. Kila motokari ya miaka 15 itapata pane. Uimara ni siku ngapi inakaa garaje bila kuingiza kitu, huku nyumbani wanangoja makuta ya jioni. Motokari yenye inapata pane mara sita kwa mwaka na kila mara inatengenezwa kwa masaa mawili, inaweza kulisha familia kuliko yenye inapata pane mara moja na inalala miezi mitatu. Hakuna liste ya nje yenye itakuonyesha jambo hili, na njo sababu Toyota za zamani zinatushinda sote hapa: piyesi zake ziko kila kona, na fundi amezifungua mara mia.

Basi, tufanye nini na liste? Tuzitumie kwa kazi yenye zinaweza. Ziko nzuri kwa kukataa, haziko nzuri kwa kuchagua. Kama modeli fulani, ya miaka fulani, inalaumiwa juu ya kitu kimoja kizito, tuseme bwate, na liste mbili tatu zenye zinahesabu mbalimbali zinakubaliana, jihadhari nayo. Kasoro ya kuzaliwa haipotee kwa kuvuka bahari. Lakini kati ya modeli ya tatu na ya saba usipoteze usingizi. Kisha toka kwenye jina, shuka mpaka kwenye namba ya moteri: tafuta ile namba, si alama ya mbele. Kisha toka kwenye modeli, shuka mpaka kwenye motokari ile moja yenye iko mbele yako. Kama ilitoka mnada wa Japani, iko na karatasi ya mnada yenye inaonyesha kilometra, daraja, na kama ilishagongwa na kutengenezwa. Mwambie mwenye kuuzisha akuonyeshe, na ulinganishe namba ya shasi. Lipa fundi wako, si fundi wa mwenye kuuzisha, aiwashe moteri ikiwa baridi, anuse mafuta ya bwate, alale chini yake. Na usimalize makuta yote kwa kununua. Mwenye amenunua kwa franka yake ya mwisho, pane ya kwanza njo inamurudisha kwa mguu.

Kuko tena kazi yenye inatungoja sisi, wenye tulisoma takwimu na tunalalamika hazina matumizi. Taksi za linye moja, tuseme 30, zinafuatwa mwaka mzima na daftari moja: namba ya moteri, mwaka, kilometra, tarehe ya kila pane, piyesi gani, bei gani, siku ngapi garaje. Na zenye zimekufa zisifutwe, ziandikwe mpaka siku ya mwisho. Thelathini ni kidogo, profesa atasema. Ni kweli, ni kidogo. Lakini kwa swali la kijana wa hapa, mwenye kubeba makuta ya mama na ya mjomba, motokari 30 zenye zinatembea kwenye barabara yake zitamwambia mambo mengi kuliko 300 000 zenye zinalala ndani ya magaraje ya Marekani. Mpaka siku daftari ile itakuwapo, mwenye kukutumia ile picha, umuulize tu: hawa walihesabu nini?